Zimbabwe wamefuzu, sawa. Goti la kijana wa Dodoma nani atalilipia?

Tangu Zimbabwe waifunge Namibia 30-28 pale Namboole, Kampala, Julai 19, 2025, na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la raga litakalochezwa Australia mwaka 2027, neno raga limeanza kusikika hata kwenye vijiwe vya Dodoma, ambako mjadala wa michezo huanzia Simba na kuishia Yanga. Hoja inayozunguka ni nyepesi na ina mvuto. Kombe limepanuliwa kutoka timu 20 hadi 24, Waafrika wenzetu wamepenya, kuna ligi mpya ya mabilioni iitwayo R360 inasaka wachezaji, na sisi tunao vijana wa miraba minne wanaoshinda bila kazi kuanzia Chamwino hadi Bahi. Mwezi uliopita mpwa wangu, anayeendesha bodaboda Nkuhungu, aliniletea simu nisome ujumbe ulioingia kwenye grupu lao la WhatsApp: akademia isiyo na anwani inatafuta vijana wa kilo 90 na kuendelea, majaribio yatafanyika nje ya nchi, fomu inalipiwa kwa namba ya simu. "Mjomba," akaniuliza, "hii raga inalipa kweli au tunapigwa?"

Kulipa inalipa. Tunachokosea ni kudhani kwamba kwa kuwa inalipa, basi inaweza kumbeba kijana peke yake, kama soka la Ulaya linavyombeba Mbwana Samatta. Raga ya kulipwa ni kazi fupi, inayokula mwili, na inasimama kwa miguu yake katika nchi chache mno duniani. Hata huko imeyumba vibaya katika miaka ya karibuni. Kwingine kote, mchezaji aliyetoka salama ni yule aliyekuwa na kitu kingine chini yake: shule, jeshi, benki, kiwanda. Kwa hiyo anayetaka raga Dodoma, nami ni mmoja wao, aanze kwa kutafuta mwajiri. Wakala wa kusafirisha vijana atakuja mwenyewe, tena mapema kuliko tunavyomhitaji.

Historia ya mchezo wenyewe inasaidia kuelewa kwa nini fedha yake ni changa. Mwaka 1895, katika mji wa Huddersfield, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga na chama cha raga kwa sababu ya jambo moja: wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani, na wakicheza Jumamosi walikosa ujira wa siku hiyo. Klabu zilitaka kuwafidia. Mabwana wa kusini, ambao hawakuwa na ujira wa kukosa, wakasema mchezo ni wa ridhaa na anayetaka kulipwa aondoke. Kijana wa bodaboda anayedaiwa hesabu kila jioni angeuelewa ugomvi ule bila mkalimani. Waliojitenga wakazaa raga ya wachezaji 13, ambayo ni mchezo mwingine kabisa. Hii ya wachezaji 15 ikaendelea kukataza malipo kwa miaka 100, hadi Agosti 1995, ilipotangazwa Paris kwamba sasa ruksa. Nyota wa kabla ya hapo walikuwa polisi, madaktari, wakulima na walimu waliofanya mazoezi jioni. Ina maana raga ya kulipwa ina umri wa miaka 30 hivi. Soka la kulipwa la Uingereza lilihalalishwa mwaka 1885.

Utoto huo unaonekana kwenye vitabu vya hesabu. Ligi kuu ya raga ya Uingereza ina ukomo wa mishahara wa pauni milioni 6.4 kwa klabu nzima kwa msimu. Ya Ufaransa, ambayo ndiyo tajiri zaidi, ukomo wake wa msingi ni euro milioni 10.7. Gawa fungu la Uingereza kwa kikosi cha watu 40 utapata kama pauni laki moja na elfu sitini kwa kila mmoja. Kwa mtu wa Dodoma hizo ni fedha za kutisha, sibishi. Ila wastani ni mwongo mwenye tabasamu: nyota wachache huchota sehemu kubwa, na kijana wa akademia, ambaye ndiye mpwa wangu angekuwa kama mambo yangekwenda vizuri sana, hubaki na makombo na mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Isitoshe, hata hizo klabu haziwezi kuumudu ukomo huo. Worcester na Wasps zilifilisika mwaka 2022, London Irish ikafuata mwaka 2023, na ligi iliyokuwa na timu 13 ikabaki na 10. Wasps si timu ya kichochoroni. Ilikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 2004 na 2007. Wachezaji wake waliamka siku moja hawana kazi, katikati ya msimu, wakati vikosi vya wengine vimeshajaa. R360 nayo, inayotajwa kwenye ile hoja ya vijiweni kama ushahidi kwamba fedha zipo, ilitangaza kuanza Oktoba 2026, vyama vya nchi 8 kubwa vikaonya kwamba atakayejiunga nayo asitarajie kuitwa timu ya taifa, kisha ikajisogeza hadi 2028. Huo bado ni mwaliko wa harusi ambayo ukumbi haujalipiwa.

Halafu kuna mwili. Watu wengi hapa wameiona raga kwenye vipande vya video simuni, na vipande hivyo huonyesha mtu akikimbia pembeni na mpira kwapani hadi kufunga trai. Hawaoni skramu. Watu 8 wa kila upande hufungamana, vichwa vikiingia kati ya mabega ya wapinzani, na katika ngazi ya juu uzito wa kila kundi hukaribia kilo 900. Mtu wa mstari wa mbele, propu, hubeba msukumo wa wenzake kutoka nyuma na wa maadui kutoka mbele, shingo na mgongo vikiwa ndiyo nguzo. Hufanya hivyo mara kadhaa kwa mechi, na katikati yake anakimbia, anaangusha watu, anaangushwa, anainuka. Anayedumu hadi miaka 33 au 34 ni mwenye bahati, na wapo wengi ambao daktari huwafungia kazi wakiwa na miaka 26.

Mfano mzuri kwetu ni Tendai Mtawarira, aliyepewa jina la Mnyama, kwa sababu kisa chake ndicho kinachotajwa sana na wanaosema tupeleke vijana. Alizaliwa Harare mwaka 1985, akavuka kwenda Durban kwenye klabu ya Sharks, akaichezea Afrika Kusini mechi 117, akastaafu baada ya kutwaa Kombe la Dunia la 2019. Kisa kizuri. Lakini ukikisoma polepole unaona kwamba kabla ya Durban alisoma Peterhouse, shule ya bweni yenye viwanja vya nyasi na makocha wa raga. Kwamba Sharks walimtoa kwenye nafasi aliyoizoea na kumfanya propu, kazi iliyotaka ajifunze upya namna ya kusimama na kuusukuma mwili wa mwenzake. Kwamba uraia wake uliwahi kuwa hoja ya kumzuia kuchezea taifa. Na kwamba moyo wake ulipoanza kwenda mbio bila mpangilio alikuwa na madaktari wa kumtibu hadi akarudi uwanjani. Shule, mwalimu, karatasi za uhamiaji, daktari wa moyo: ondoa kimoja tu hapo na Mnyama hayupo.

Wanaotetea njia ya kuwapeleka vijana wana hoja tatu ninazoziheshimu. Kwanza, raga humpokea mtu aliyechelewa. Soka likifika miaka 15 bila wewe kujulikana, basi. Katika raga kijana wa miaka 18 mwenye mwili na mbio anaweza kufundishwa. Mkenya Daniel Adongo alikwenda mbali zaidi: alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 kucheza mpira wa miguu wa Kimarekani, mchezo ambao hakuwahi kuucheza. Pili, raga ya wachezaji 7 kila upande imo kwenye Olimpiki tangu Rio 2016, na nchi maskini inaweza kuimudu kwa sababu kikosi ni kidogo. Kenya waliichapa Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016, chini ya kocha Benjamin Ayimba, na hakuna aliyewapa nafasi ile kama zawadi. Tatu, ajira yoyote ni bora kuliko kukaa. Hii ya tatu ndiyo ngumu kuijibu ukiwa umeshiba.

Nazijibu hata hivyo. Ni kweli raga inapokea waliochelewa, ila inawapokea kwenye milango iliyokuwepo tayari, na Adongo mwenyewe alikuwa ameshapita kwenye raga ya kulipwa ya Afrika Kusini na New Zealand. Kuhusu wachezaji 7, Kenya wenyewe ni onyo na kivutio kwa pamoja: Juni 2018 mjini Paris wachezaji wao waliingia uwanjani wameziba jina la mdhamini kifuani kwa sababu ya ugomvi wa malipo. Na mwaka 2025 chama cha raga cha Ireland, chenye fedha ambazo sisi tunaziota, kilifunga programu ya wanaume ya wachezaji 7 kwa kuwa haikuwalipa. Tukimwambia kijana wa Kongwa kwamba hii ndiyo ngazi, tumwambie pia kwamba wenye ngazi wameanza kuikunja.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopigiwa kelele zaidi, ni ile ya "nguvu za asili": kwamba vijana wa kanda ya kati wamelelewa kwa ugali wa uwele na kuchunga ng'ombe, miili wanayo, wanakosa kuonekana tu. Hii ni sifa inayogeuka tusi ukiitazama vizuri, maana inamfanya kijana awe mzigo wa kupimwa kwenye mizani, kama ule ujumbe ulioanza na kilo 90. Nguvu ya kubeba gunia la kilo 100 pale soko la Majengo ni ya kweli, lakini anayebeba gunia hajui namna ya kuweka kichwa upande sahihi wa paja la mtu anayemjia kwa kasi, na asiyejua hilo huvunjika shingo au hupata mtikisiko wa ubongo. Hayo ni mafunzo ya miaka. Zimbabwe, tunaowatolea mfano, walicheza Kombe la Dunia mwaka 1987 na 1991, kisha wakakaa nje miaka zaidi ya 30 huku shule kama Prince Edward na Peterhouse zikiendelea kutoa wachezaji kila mwaka, wengine wakiishia kuchezea Afrika Kusini, Australia na Marekani. David Pocock, aliyeichezea Australia, alikulia Zimbabwe. Takudzwa Ngwenya, aliyempita Bryan Habana, winga wa Afrika Kusini, kwa mbio mwaka 2007 akiwa na jezi ya Marekani, ni wa kwao. Na kikosi kilichoshinda Kampala kilikuwa na Ian Prior, aliyewahi kuwa nahodha wa Western Force ya Australia. Huo ndio mzizi wa zile pointi 30. Kenya, pamoja na ubora wao wote, hawajawahi kufika Kombe la Dunia la wachezaji 15.

Upande wa pili nao una wasemaji wake. Kuna wanaosema raga ni mchezo wa Wazungu. Hao tuwaache, maana wanasema hivyo wakiwa wamevaa jezi ya Arsenal. Wenye uzito ni wanaosema ni hatari. Steve Thompson, aliyekuwa mstari wa mbele wa Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia la 2003, aligundulika mwaka 2020 ana dalili za mapema za kupoteza kumbukumbu, akiwa na miaka 42, na amesema hakumbuki kushinda kombe lile. Yeye na wenzake wamekwenda mahakamani. Baada ya kesi hizo na tafiti za ubongo, mchezo umebadilika: anayeshukiwa kuumia kichwa anatolewa na kupimwa, wengi hukaa nje angalau siku 12, na tangu 2024 wachezaji wa ngazi ya juu huvaa vilinda meno vyenye kifaa cha kupima kishindo cha kichwa. Sioni kwamba hatari inatosha kuukataa mchezo. Tunaruhusu ndondi, na tunapanda bodaboda bila kofia. Ila hatari hiyo inabadilisha maana ya mshahara. Mshahara wa propu una ndani yake malipo ya goti, bega na kumbukumbu zake za uzeeni, na asiyeyahesabu hayo mapema amejiuza kwa bei ya jumla.

Ndipo ninaporudi kwenye mwajiri, na sihitaji kwenda Durban kutafuta mfano. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mita za mwisho hadi wote wakaandikiwa saa 2:09:48. Tulishangilia kama vile ametokea porini siku ile. Simbu alikuwa wa tano Rio mwaka 2016, wa tatu London mwaka 2017, wa pili Boston Aprili 2025, na katika miaka yote hiyo alikuwa askari wa JWTZ. Kati ya shaba ya London na dhahabu ya Tokyo ni miaka 8. Ni mwanariadha gani wa kujitegemea, kwa mbio zinazompa zawadi mara mbili tatu kwa mwaka akishinda, angevumilia miaka 8 nyumbani Ikungi bila mshahara wa mwezi? Jeshi halikumpa mapafu. Lilimpa muda. Na marathoni inamruhusu mtu wa miaka 33 kuwa bingwa; raga katika umri huo inamkabidhi mtu mkongojo.

Raga inaufahamu mpango huu kuliko tunavyodhani. Semesa Rokoduguni, mzaliwa wa Fiji aliyecheza winga katika klabu ya Bath na timu ya taifa ya Uingereza, alikuwa askari wa jeshi la Uingereza aliyewahi kupelekwa Afghanistan. Nchini Kenya, timu mbili zilizotawala miaka ya karibuni ni KCB na Kabras: moja ina benki nyuma yake, nyingine ina kiwanda cha sukari. Sisi tayari tunaujua utaratibu huo katika soka, kupitia JKT Tanzania, Tanzania Prisons na Mashujaa. Dodoma kuna kambi, kuna makao makuu ya wizara zote pale Mtumba, kuna Magereza, kuna Chuo Kikuu cha Dodoma chenye maelfu ya wanafunzi wa umri uleule raga inaoutaka. Timu mbili za taasisi hapa, zikicheza na watu wa Arusha na Dar es Salaam, ambako mchezo huu una mizizi kidogo, zingezaa wachezaji wengi kuliko fomu elfu za WhatsApp. Hata kama hakuna hata mmoja atakayefika Ufaransa, wote wangekuwa na kazi Jumatatu asubuhi.

Kuna jambo dogo la udongo ambalo wachambuzi wa Dar hawaliwazi. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo ardhi inakauka hadi inalia ukiigonga. Mwaka jana nilikwenda kutazama vijana wa chuo waliokuwa wakifundishana raga kwenye kiwanja cha vumbi mwezi Septemba, walioujua mchezo wakiwa wawili tu. Kila aliyeangushwa aliinuka na ngozi pungufu. Baada ya dakika 20 walikuwa wameacha kuangushana na kuanza kugusana tu begani kama watoto wanaocheza kombolela, na yule aliyekuwa akifundisha akakubali, maana hakuwa na hata chupa ya spiriti. Raga ya kuangushana haichezeki pale bila nyasi, na nyasi Dodoma ni maji, na maji Dodoma ni siasa. Viwanja vinavyojengwa na kukarabatiwa kwa ajili ya AFCON 2027 vitakuwa na nyasi nzuri, lakini mlinzi wa getini hatawafungulia vijana wa mazoezi. Kwa hiyo taasisi yenye kisima chake na eneo lake lenye uzio ina faida hapa kuliko klabu ya mtaani yenye moyo, na hiyo ni sababu nyingine inayonirudisha kambini na chuoni.

Wazazi nao wana sehemu yao, ambayo ni kuuliza maswali yanayochosha. Mkataba ni wa muda gani, na unavunjwaje mchezaji akiumia? Bima ya matibabu inagharamia upasuaji wa goti, au inaishia kwenye dawa za maumivu? Viza ni ya kazi au ya matembezi? Nani analipa nauli ya kurudi? Akademia ya kweli ina majibu kabla hujamaliza kuuliza, kwa sababu maswali hayo huulizwa na kila mzazi wa Durban na Toulouse. Niliyaandika hayo manne kwenye simu ya mpwa wangu, kwa Kiswahili chepesi, akayatuma kwenye ile namba ya kulipia fomu, tukiwa tumekaa kwa mama ntilie jioni ile.

Tiki mbili zikageuka bluu kabla chai haijaletwa. Hadi naandika makala haya, wiki tatu baadaye, hajajibiwa, na mwenye namba amebadilisha picha yake ya wasifu. Juzi mpwa wangu amenipigia kuuliza kama wale vijana wa chuo bado wanakutana, na siku gani, maana Jumapili mchana abiria ni wachache.